Mjumbe Asiyefungua Barua: Historia Fupi ya Programu za Kupigia Muziki

Mjumbe hasifiwi kwa wingi wa maneno yake. Husifiwa kwa kuufikisha ujumbe kama alivyokabidhiwa, bila ya kupunguza wala kuongeza. Na akipewa barua iliyofungwa, huifikisha ikiwa imefungwa. Kipimo hiki ni cha kale, wala hakikuwekwa kwa ajili ya mashine. Hata hivyo, ndicho kinachofaa kuipimia historia ya programu za kompyuta za kupigia muziki, zile ambazo tangu katikati ya miaka ya 1990 zimeshika nafasi ya santuri, kanda na CD katika nyumba za watu wengi wapendao kukaa chini na kusikiliza. Kwa miaka thelathini wapenzi wa muziki wamebishana ni ipi kati ya programu hizo yenye sauti bora kuliko wenzake. Ubishi huo umebeba ujuzi mwingi na dhana nyingi pia. Kuufuata tangu mwanzo wake ni kujua lini ulikuwa na haki, lini ulipotea njia, na ni jambo gani lililosahauliwa wakati watu wakibishana.

Barua yenyewe ni ya tarakimu. Mwezi wa Oktoba 1982, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza mashine ya CD nchini Japani, sauti iliyokuwamo ndani ya sahani hiyo ya kung'aa ilikuwa imeandikwa kwa namba. Wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Na kazi hiyo hufanywa mara mbili kwa pamoja, upande wa kushoto na upande wa kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Fadhila kubwa ya uandishi huu ni kwamba namba haichakai. Santuri kila ipitiwapo na sindano huliwa kidogo, na kanda kila inakiliwapo huongeza mvumo. Lakini namba ikinakiliwa sawasawa, nakala ya mia haina tofauti na ya kwanza. Kwa hiyo ilimkinika kuuliza kama mjumbe amefikisha kila herufi, na kupata jibu la ndiyo au la.

Kwa zaidi ya muongo mmoja swali hilo halikuulizwa majumbani, maana msomaji wa namba, saa yake na kigeuzi chake cha kuzifanya namba kuwa umeme vilikaa vyote ndani ya sanduku moja. Lilizuka pale muziki ulipohamia kwenye kompyuta, na ulihamia kwa shida. Wimbo wa dakika nne ulioandikwa kwa kipimo cha CD huchukua kiasi cha megabaiti 42. Diski ya gigabaiti moja, iliyokuwa ya kujivunia katikati ya miaka ya 1990, ingejaa kwa nyimbo zisizozidi 24. Kuupitisha wimbo mmoja kwenye waya wa simu, hata kwa modemu ya biti 56,000 kwa sekunde, kungechukua saa moja na dakika 40, na hapo ni iwapo laini haikukatika.

Dawa ilitoka Ujerumani. Katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Karlheinz Brandenburg na wenzake walikuwa wameshughulika kwa miaka mingi na swali la kile ambacho sikio halikisikii. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo. Basi ile iliyofunikwa, ya nini kuandikwa? Kazi yao Brandenburg aliipimia wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ulioimbwa bila ya ala, kwa kuwa sauti ya mtu peke yake hufichua upesi kila kasoro. Kanuni yao ilikubaliwa kimataifa mwaka 1992, na Julai 1995 wakachagua herufi tatu za kumalizia jina la faili: mp3. Wimbo wa megabaiti 42 uliweza sasa kushuka hadi chini ya megabaiti nne. Mwaka huo huo ikatoka WinPlay3 ya Fraunhofer, programu ya kwanza ya Windows iliyoweza kuufungua mzigo huo na kuupiga papo hapo.

Iliyoingia majumbani hasa ni ile iliyofuata mwaka 1997. Kijana wa Marekani, Justin Frankel, pamoja na mwenzake Dmitry Boldyrev, walitoa Winamp: ndogo, nyepesi, yenye sura ya redio ya mezani, vitufe vyake na taa zake zikichezacheza kwa mapigo ya muziki. Mtu aliweza kuivisha sura aitakayo, kupandisha besi, kuongeza mwangwi, na kuitia vijalizo vilivyotungwa na watu wengine. Juni 1999 kampuni ya AOL ikainunua Nullsoft, kampuni ya Frankel. Winamp ilipendwa kwa haki, kwani iliwapa watu wa kawaida mamlaka juu ya muziki wao ambayo hawakuwa nayo kabla. Lakini kwa kipimo cha mjumbe, programu za zama zile zilishindana kwa kuonekana. Kila kitufe kilikuwa mwaliko wa kuifungua barua na kuongeza neno.

Tena, katika siku hizo tofauti za sauti baina ya programu zilikuwa za kweli. MP3 ni muhtasari, na muhtasari huhitaji kifasiri, yaani sehemu ya programu inayozirudisha namba zilizobanwa kuwa mawimbi. Kanuni ya kimataifa ilieleza waziwazi jinsi ya kufasiri, kwa hiyo vifasiri vyote vilipaswa kutoa jawabu moja. Havikutoa. David Robinson, mtafiti wa usikivu nchini Uingereza, alivipima karibu na mwaka 2000 na kukuta kwamba vingine viliongeza kelele isiyokuwamo, na vingine vilikosea kabisa kufasiri faili za namna fulani. Mwenye kusema wakati huo kwamba programu hii ina sauti bora kuliko ile alisema jambo linaloweza kuthibitishwa, na mtu mwingine aliweza kulipima upya na kupata jawabu lile lile.

Kosa la pili lilikuwa njiani. Programu haizungumzi na spika moja kwa moja. Huzikabidhi namba zake kwa mfumo endeshi, nao huzikabidhi kwa kadi ya sauti, na kadi kwa kigeuzi. Katika Windows za zama za 98, 2000 na XP, katikati ya njia hiyo alikaa mchanganyaji, aliyewekwa ili mlio wa kuarifu kwamba barua pepe imefika uweze kusikika pamoja na muziki. Ili zichanganyike, ni lazima sauti zote ziwe za kipimo kimoja. Na kadi nyingi, ikiwamo Sound Blaster Live! ya 1998, zilifanya kazi ndani yake kwa kipimo cha mara 48,000 kwa sekunde. Muziki wa CD ni mara 44,100. Hesabu ya kutoka kimoja kwenda kingine ni ya mikunjo: mahali pa kila namba 147 zilizoandikwa studio zilipaswa kuwekwa namba 160 mpya zilizokadiriwa. Ukadiriaji ulipofanywa kwa haraka, noti za juu ziliingia ukakasi ambao mpigaji hakuupiga. Barua ilifunguliwa mlangoni, ikaandikwa upya na karani asiyeijua lugha yake, ndipo ikaruhusiwa kupita.

Sehemu kubwa ya historia ya programu za usikivu bora ni historia ya kumkwepa karani huyo. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, itengenezayo zana za studio, ilitoa njia iitwayo ASIO, iliyoiwezesha programu kuzungumza na kadi bila ya kupitia kwa mchanganyaji. Ilikusudiwa wanamuziki na warekodi. Wasikilizaji wa nyumbani wakaiazima. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilikuja na njia yake yenyewe, WASAPI, ambayo kwayo programu ikiomba hupewa kadi peke yake, na sauti nyingine zote hunyamaza. Kwenye kompyuta za Apple ugonjwa ulikuwa mwingine. iTunes ilitolewa Januari 2001, ikiwa imejengwa juu ya programu ya SoundJam MP ambayo Apple iliinunua mwaka 2000. Ilikuwa nyepesi kutumia na nzuri kwa kupanga nyimbo, lakini haikukibadilisha kipimo cha kadi kila ilipokuja faili ya kipimo tofauti. Msikilizaji alipaswa kwenda kukibadilisha kwa mkono wake. Asipofanya hivyo, kompyuta ilimkadiria namba.

Wakati njia ikisafishwa, barua nayo ikarudishiwa maneno yake. Mwaka 2001 Mmarekani Josh Coalson alitoa toleo la kwanza kamili la FLAC, namna ya kubana namba bila ya kuitupa hata moja, kama mtu akunjaye kanzu na kuitia sandukuni: ikikunjuliwa ni kanzu ile ile. Faili hupungua hadi nusu ya ukubwa wake au kuzidi hapo kidogo, kwa kutegemea muziki wenyewe. Ndani ya faili hutiwa muhuri wa hesabu utokanao na namba za asili, hivi kwamba mtu yeyote anaweza kuikunjua na kuhakikisha kuwa hakuna kilichopotea. Sambamba na FLAC zilitumika programu za kunakili CD kwa uangalifu, kama vile Exact Audio Copy ya Mjerumani Andre Wiethoff, ambayo ikikuta mkwaruzo huirudia sehemu hiyo tena na tena mpaka ipate jawabu la kuaminika. Apple ilitunga aina yake, ALAC, mwaka 2004, na mwaka 2011 ikaiachia wazi kwa wote.

Mwishoni mwa mwaka 2002 ikazaliwa programu iliyoonekana kama imetungwa makusudi kuikana Winamp. Peter Pawlowski, aliyewahi kuifanyia kazi Nullsoft, alitoa foobar2000: dirisha lisilo na pambo, orodha ya nyimbo na menyu. Inatolewa bure. Husoma FLAC na aina nyingi nyinginezo, hufuata njia za ASIO na WASAPI, na isipoambiwa kugusa kitu haigusi. Katika maelezo wapewayo watumiaji wake, swali la kama foobar2000 ina sauti bora kuliko programu nyingine limejibiwa kwa ufupi kwamba haina, na kwamba nyingi za tofauti ambazo watu husema wanazisikia ni kazi ya akili zao wenyewe. Ni nadra kumwona fundi akikataa sifa ambayo wateja wameshampa.

Jawabu hilo lilikuwa na msingi. Kufikia takriban mwaka 2010, yeyote aliyekuwa na subira ya kuziweka sawa programu zake aliweza kuzifikisha namba za CD mpaka kwenye kigeuzi bila ya mabadiliko, kwa Windows, kwa kompyuta ya Apple, au kwa Linux na programu zake kama Music Player Daemon iliyoanza mwaka 2003. Kulithibitisha hilo hakuhitaji masikio ya ajabu. Namba zitokazo kwenye kompyuta hurekodiwa kama zilivyo, kisha hutolewa kutoka kwenye namba za faili ya asili. Baki ikiwa sifuri tangu mwanzo hadi mwisho, mjumbe ni mwaminifu. Na programu mbili zenye baki ya sifuri zimekipa kigeuzi kitu kimoja.

Sifuri ni vigumu kuiuza. Mwaka 2009 kampuni ya Sonic Studio ilitoa Amarra kwa ajili ya kompyuta za Apple, na baada yake ikaja Audirvana ya Damien Plisson kutoka Ufaransa. Programu hizi zilifanya kazi ya kweli: zilibadilisha kipimo cha kadi zenyewe na kuishika njia yote kwa ajili ya muziki, jambo ambalo iTunes haikulifanya. Lakini sifa zilizoenea baina ya wasikilizaji zilikwenda mbali zaidi. Ilisemwa kwamba wimbo ukipakiwa wote kwenye kumbukumbu kabla ya kupigwa, au shughuli nyingine za kompyuta zikipunguzwa, muziki hupata kina na pumzi mpya, ijapokuwa namba ni zile zile.

Hoja iliyotolewa kuitetea dhana hiyo si ya kupuuzwa. Namba haitoshi iwe sahihi. Inapaswa pia kufika kwa wakati wake, na saa ikiyumba, wimbi huyumba nayo. Kompyuta vilevile ni mashine yenye kelele za umeme. Yote mawili ni kweli, ila makao yake ni kwenye kigeuzi. Katika miaka ya 2000 wahandisi walipata njia ya kukifanya kigeuzi cha nje, kinachounganishwa kwa waya wa USB, kishike saa yenyewe: huziomba namba kwa mwendo wake, huziweka akibani, kisha huzisoma kwa saa iliyo ubavuni pake. Kwa mpango huo haraka au utulivu wa programu haugusi wimbi, kama vile mwendo wa jahazi lililoleta barua usivyobadilisha mwandiko wake. Na kama kelele za umeme zinapenya, dawa yake ni kigeuzi kilichojengwa vyema au utengano mzuri wa nyaya. Anayenunua programu kwa ajili ya maradhi hayo amekwenda kwa tabibu asiye wake.

Sikio halipiti kichwa, wamesema wahenga, na ingawa walikusudia adabu ya mdogo kwa mkubwa, methali inafaa hapa pia. Sikio husikia kwa msaada wa kichwa, na kichwa kikishajua bei, jina na sifa, huliambia sikio la kusikia. Jambo hili halimpati mjinga peke yake. Sauti iliyozidi kwa sehemu ndogo tu ya desibeli, pasipo mtu kutambua kuwa imezidi, huweza kuhukumiwa kuwa safi zaidi na yenye uhai zaidi. Ndiyo sababu Robinson, aliyevipima vifasiri, mwaka 2001 alipendekeza kanuni ya ReplayGain, inayoandika ndani ya faili kiasi cha kuupunguza au kuuongeza wimbo ili nyimbo zote zilingane. Mwenye kulinganisha programu bila ya kusawazisha sauti kwanza amelinganisha vitufe vya sauti.

Njia ya haki ipo. David Clark aliieleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1982, nayo imo kama kijalizo cha foobar2000. Msikilizaji hupewa sauti ya A na sauti ya B, kisha hupewa X, ambayo ni mojawapo, naye huulizwa ni ipi. Hapana anayemwambia, wala mashine haina uso wa kusomwa. Akijaribu mara 16 na kupatia mara 12 au zaidi, uwezekano kwamba amebahatisha tu ni chini ya 4 kwa 100. Akipatia nane, hana ushahidi. Jaribio hili halimtukani mtu. Linamwondolea kichwa asikie kwa sikio.

Matokeo yanafundisha unyenyekevu kwa pande zote mbili. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walitangaza jaribio lililofanywa Boston, ambamo sauti za kipimo kikubwa kuliko CD zilipitishwa, bila ya msikilizaji kujua lini, katika kifaa kilichozishusha hadi kipimo cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani karibu sawasawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 na kukuta kwamba, kwa jumla, watu walipatia kwa asilimia 52.3: kidogo sana, lakini ni zaidi ya bahati, na waliofunzwa kwanza walipatia zaidi. Tafiti hizo zilihusu vipimo vya kurekodia, ambavyo namba zake zinatofautiana kweli. Ikiwa sikio hupata taabu kiasi hicho kuzitofautisha namba zisizofanana, anayesema kwamba anazitofautisha zile zinazofanana ndiye anayedaiwa ushahidi.

Je, kulinganisha programu ni kazi bure? La. Ubishi wa sauti uliposhika masikio ya watu, jambo jingine lilipita kimya, nalo lina uzito mkubwa kwa wale ambao muziki wao umejengwa juu ya shairi. Barua haina maandishi ya ndani tu. Ina bahasha, na juu ya bahasha mna majina.

Bahasha ya kwanza ilitungwa na Eric Kemp mwaka 1996 na kuitwa ID3. Ilikuwa na nafasi ya baiti 128 mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki iliyochaguliwa kutoka orodha ya aina 80. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi za namna nyingi za roki na disko. Taarabu haikuwamo. Aliyetaka kuiandika ilimbidi achague neno moja la jumla lililokusanya miziki ya kikabila ya ulimwengu mzima. Nafasi ya mtunzi haikuwapo kabisa, wala mpango wa kuandika kwa herufi za Kiarabu.

Kwa wimbo wa mtu mmoja na gitaa lake, hasara hiyo ni ndogo. Kwa wimbo wa taarabu ni kama kuifuta nusu ya wimbo. Klabu kama Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoasisiwa mwaka 1905, huutoa wimbo kwa mikono ya watu wengi: yupo aliyetunga shairi, yupo aliyelitia muziki, yupo mwimbaji, na wapo wapigaji wa udi, fidla na ganuni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice hakwenda peke yake. Alikwenda na wenzake. Wimbo wa namna hiyo ukiingizwa kwenye kompyuta na kuandikwa jina moja katika nafasi ya msanii, mjumbe amezifikisha namba zote pasipo kupoteza hata moja, na papo hapo amempoteza mshairi. Wala si taarabu peke yake: wapenzi wa muziki wa kale wa Ulaya, ambao kazi moja huwa na mtunzi, okestra, kiongozi wake na waimbaji, walilalamikia jambo hilo hilo.

Hapa ndipo tofauti baina ya programu zilipo hata leo. ID3 ya pili, iliyotolewa mwaka 1998, iliweka nafasi ya mtunga maneno na ya mtunga muziki, pamoja na herufi za lugha nyingi. FLAC ilikwenda mbele zaidi na kumwachia mwenye faili aipe nafasi jina alitakalo: "mshairi", "mpiga udi", "klabu". Lakini nafasi iliyojazwa haina faida ikiwa programu haiionyeshi. foobar2000 humruhusu mtu kuifanya nafasi yoyote kuwa safu katika orodha yake na kuitafuta. Zipo nyingine zinazoonyesha zile tu ambazo fundi wake aliona zinatosha. Roon, iliyotolewa mwaka 2015 na kununuliwa na Harman mwaka 2023, ilijipatia jina kwa kuunganisha nyimbo na watunzi na wapigaji wake, ili msikilizaji atoke kwa mmoja aingie kwa mwingine. Ni kazi nzuri, lakini inategemea ada na kumbukumbu zilizokusanywa kwingine, na kisichoandikwa katika kumbukumbu hizo programu haiwezi kukijua. Majina ya washairi wa visiwani yatakuwamo pale watu wanaoyajua watakapoyaandika.

Linalofuata ni umri. AOL ilitangaza kuifunga Winamp mwishoni mwa 2013, kabla haijauzwa mwezi Januari uliofuata. iTunes iliondolewa kwenye kompyuta mpya za Apple mwaka 2019 na nafasi yake ikachukuliwa na programu nyingine. Programu hufa, aliyeyaweka majina ndani ya faili zenyewe, kwa namna iliyo wazi, huhama na mali yake, na aliyeyaacha ndani ya hazina ya programu huenda akahama mikono mitupu. FLAC imekwisha kuwa kanuni rasmi ya intaneti tangu Desemba 2024, maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuisoma kwa kufuata maandishi yaliyotangazwa, hata kama watengenezaji wake wote hawapo. Muziki wa kukodi, ambao tangu 2021 Apple huutoa pia bila ya kutupa namba, una sauti isiyo na kasoro, lakini ufunguo wa sanduku uko kwa mwenye duka.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua programu kwa ajili ya usikivu wa nyumbani ana maswali machache ya kuiuliza. Je, inazifikisha namba bila ya kuzigusa? Nyingi zinafanya hivyo zikiwekwa sawa, na hilo hupimika. Je, inasawazisha nyimbo pale mwenyewe anapotaka, na kuacha anaposema iache? Je, inaonyesha majina yote yaliyoandikwa juu ya bahasha, kwa herufi yoyote? Na siku itakapokufa, itamrudishia mwenyewe kila alichoikabidhi? Pesa zitakazobaki baada ya majibu hayo ni za spika, na za kuziba mwangwi wa chumba, ambavyo tofauti zake husikika bila ya kubishaniwa.

Hakuna programu itakayoirudishia rekodi ya 1928 kile ambacho kipaza sauti cha Bombay hakikukidaka. Kampuni ya Topic ya Uingereza ilipotoa mwaka 2007 mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950, mikwaruzo ya santuri ilikuja pamoja na sauti, na hakuna kipimo kikubwa cha kisasa kitakachoigeuza kuwa hariri. Kilichobakia katika uwezo wa msikilizaji wa leo ni kuipokea barua hiyo kama ilivyoandikwa, na kuyahifadhi majina ya walioiandika.